“Wewe wa kwako umemchanja?” Nafasi ya watoa huduma katika chanjo ya HPV huku Kusini

Mtoa Sindano (mwanzisha uzi, Newala)

Wana jukwaa, habari za leo. Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya serikali huku Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na kwa zaidi ya miaka 10 kazi yangu kubwa imekuwa kliniki ya mama na mtoto. Naomba tujadili chanjo ya HPV, ile inayowakinga wasichana dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, lakini kwa upande ambao vikao vyetu huwa vinauruka. Vikao huuliza wangapi wamechanjwa, dozi ngapi zimebaki na ripoti imetumwa lini. Mimi nataka tuulizane yule anayedunga sindano huwa anasema nini, anamwambia nani, na mzazi anamsadiki kwa sababu gani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku moja ya kliniki mama mmoja alimleta mtoto wa miezi 9 apate chanjo ya surua na rubela. Nyuma yake alisimama binti mrefu wa miaka 12 hivi, amemshikia mama yake mkoba na khanga ya kumfunikia mdogo wake. Nilimchanja mtoto, nikajaza kadi, nikaandika tarehe ya kurudi, nikaita anayefuata. Yule binti sikumwuliza chochote, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye foleni. Mama alipofika mlangoni aligeuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli sindano ya wasichana inafunga kizazi. Nikamjibu kama tulivyofundishwa: hapana mama, chanjo ni salama, imethibitishwa na Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani. Alinitazama kidogo, kisha akasema, “Sawa. Na wewe wa kwako umemchanja?”

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka 10. Timu ilipopita shuleni kwao yeye alikuwa Masasi kwa bibi yake, na aliporudi nikawa nasema kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Funguo za jokofu la chanjo zilikuwa mfukoni mwa gauni langu la kazi, na mtoto wangu hajachanjwa. Nikababaika. Yule mama akasema, “Haya dada, tutaonana,” akaondoka na binti yake.

Kwa wasiofuatilia, nchi yetu ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima mwezi Aprili 2018, baada ya majaribio mkoani Kilimanjaro. Mwanzoni walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, nao walipewa dozi mbili kwa kupishana miezi sita. Aprili 2024 utaratibu ukabadilika: dozi ikawa moja, na kampeni ikawafikia wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sababu ya haraka yote hiyo inafahamika kwa yeyote aliyefanya kazi wodi ya wanawake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani hii Tanzania kuwa zaidi ya 10,000 kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000. Wengi wao hufika hospitali wakati ugonjwa umekwishavuka mahali ambapo matibabu yangeusimamisha.

Kuna kisa cha Japani ambacho nakirudia kila ninapopewa nafasi ya kusema. Mwaka 2013 serikali yao, baada ya taarifa za maumivu na maradhi yaliyosemekana kuletwa na chanjo, iliacha kuipendekeza kwa wazazi. Chanjo yenyewe haikuondolewa. Ilibaki kliniki, ilibaki bure, mzazi aliyeitaka aliipata. Kilichokoma ni kauli ya mtaalamu ya kumwambia mzazi, “Mlete binti yako.” Uchanjaji ukaporomoka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1, na ikachukua mpaka Aprili 2022 kauli ile kurudishwa. Majokofu yalikuwa yamejaa muda wote huo. Ndiyo maana nasema kwamba kauli yetu ni sehemu ya chanjo yenyewe, nasi tunaitoa kwa uzembe ambao hatungethubutu kuufanya kwenye sindano.

Naomba watumishi wenzangu, wazazi na walimu mseme mnayoyaona. Mnaambiwa nini mkifika kliniki, na mngependa kuambiwa nini?

Mpuliza Salfa (Tandahimba)

Dada Mtoa Sindano, nakushukuru kwa kusema ukweli wako hadharani, maana watumishi wengi wangeuficha. Mimi ni baba wa mabinti watatu na mkulima wa korosho, na sikuwachanja wote. Mkubwa alichanjwa shuleni mwaka 2019, nikaambiwa baadaye. Wadogo wawili niliwazuia mwaka 2024. Naomba nieleze sababu zangu bila kuitwa mjinga, kwa kuwa nimekwishaitwa hivyo.

Kwanza, mkubwa aliambiwa kwamba bila sindano ya pili kinga haikamiliki, na mwalimu akamfuata mpaka nyumbani kwa ajili ya hiyo ya pili. Miaka mitano baadaye wanakuja watu walewale na gari lilelile wanasema moja inatosha. Nikauliza: basi ile ya pili aliyodungwa mkubwa ilikuwa ya nini? Yule mtumishi akasema, “Baba, hayo ni maelekezo kutoka juu.” Pili, ilikuwa miaka 14, sasa ni 9, na hakuna aliyekaa kutueleza kwa nini umri umeshuka. Tatu, kwa nini wasichana peke yao, ilhali mnasema virusi hivi wanaume nao wanavibeba?

Mkulima wa korosho akiletewa kiuatilifu huuliza kinaua nini, kinapulizwa mwezi gani na kwa kipimo gani, na bwana shamba hujibu mpaka mkulima aridhike. Sielewi kwa nini kwa mikorosho tunajibiwa na kwa watoto wetu tunaamrishwa.

Jokofu na Barafu (Lindi)

Kaka Mpuliza Salfa, maswali yako ni halali, na aliyekujibu kwamba ni maelekezo kutoka juu alikukosea. Nimefanya kazi ya kuratibu chanjo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajaribu kulipa deni hilo.

Dozi ilipungua kwa sababu ya utafiti, na sehemu yake imefanyika hapahapa nchini. Mkoani Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi, wengine wakapata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha damu zao zikafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba hata waliopata dozi moja, karibu wote walikuwa na kinga iliyosimama imara. Nchini Kenya nako wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walifuatiliwa, na dozi moja ikaonekana kuzuia maambukizi ya kudumu ya aina za virusi zilizolengwa kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani likakubali utaratibu wa dozi moja mwishoni mwa mwaka huohuo. Binti yako mkubwa hakudungwa bure, kwani alipewa kulingana na ujuzi uliokuwapo mwaka 2019. Tulichokosea ni kubadili utaratibu bila kurudi kwa wazazi waliosikia ule wa kwanza.

Umri umeshuka kwa sababu chanjo hii inakinga na haitibu, na mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hujenga kinga nzuri zaidi kuliko wa mtu mzima. Wewe unapuliza salfa wakati gani? Mikorosho inapoanza kutoa maua, kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujashika. Ukingoja mpaka uone unga mweupe umetanda kwenye kole, salfa utaipuliza na hasara utaipata.

Kuhusu wavulana, ziko nchi zinazowachanja pia, na hakuna kosa la kisayansi katika kufanya hivyo. Hapa tumeanza na wasichana kwa sababu wao ndio wenye mlango wa kizazi, ambapo maradhi haya huua zaidi, na kwa sababu chanjo ilikuwa haba duniani. Wasichana wengi wakikingwa, virusi hupungua kwa wavulana pia.

Niongeze jambo ambalo wazazi hawalioni. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na adui yake mkubwa, tofauti na wengi wanavyodhani, ni kuganda. Nimewahi kumkuta mtumishi mchapakazi amepanga barafu ngumu kama mawe kwenye kibebea chanjo, akiamini kwamba ubaridi ukizidi ndiyo usalama. Chupa zilizogusa barafu ile ilibidi zitupwe. Barafu ikitoka kwenye friza hutandazwa mezani mpaka itokwe jasho, na ukiitikisa karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani. Hapo ndipo huingizwa kwenye kibebea. Katika safari ya kutoka Kilwa kwenda visiwani, au kutoka Liwale mjini kwenda vijiji vya mbali, mtumishi anayejua kutikisa barafu ameokoa dozi nyingi. Mzazi anaweza kuomba aonyeshwe ile alama ndogo ya mraba ndani ya duara kwenye chupa. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Mwonyesheni, msikasirike.

Mama Wawili (Lindi mjini)

Dada muuguzi, mimi siamini uvumi wa kufunga kizazi. Malalamiko yangu ni ya namna tunavyosemeshwa. Nilifika kwenye kituo kimoja, jina lake silitaji, nikauliza kama mwanangu mwenye pumu anaweza kuchanjwa. Nesi hakuinua macho kwenye daftari. Akasema, “Mama, kama hutaki acha, usitupotezee muda.” Nilikuwa ninataka, ndiyo maana niliuliza.

Nikamwacha achanjwe hukohuko shuleni. Siku hiyo waliwapanga mstari juani kuanzia saa mbili, watoto wengi hawajanywa hata chai, na kila mmoja akimwona mwenzake wa mbele anavyokunja uso. Binti wa tano akachanjwa, akapiga hatua tatu, akaanguka chini. Wenzake wakapiga kelele, mstari ukavunjika, wengine wakaruka dirisha. Yule binti aliinuka baada ya dakika mbili akaomba maji. Lakini mimi niko sokoni nauza samaki, saa sita nikaambiwa shuleni kuna mtoto amekufa kwa sindano, na jioni tukasikia kwamba wamefika watatu. Mwanangu alirudi nyumbani mzima, mkono unamuuma tu, ila mama wa jirani amekataa mpaka leo. Je, hakuna aliyejua kwamba watoto wanaweza kuanguka?

Mtoa Sindano

Mama Wawili, pole sana, na kwa lile jibu la kituoni nakuomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Pumu peke yake haimzuii mtoto kupata chanjo hii. Asiyepaswa kuipata ni aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hii au kitu kilichomo ndani yake, na mwenye homa kali husubiri apone kwanza. Jibu hilo ni la sentensi mbili, na aliyekunyima alikuwa na muda wa kuandika kwenye daftari.

Ndiyo, tunajua kwamba wanaweza kuanguka. Kuzimia baada ya sindano hutokea kwa vijana wa umri ule kwa sababu ya woga, njaa na kusimama muda mrefu, na hutokea kwa chanjo nyinginezo pia. Maelekezo ni kwamba mtoto achanjwe akiwa ameketi na abaki ameketi dakika 15 chini ya uangalizi. Walichokifanya siku ile, mstari wa juani na tumbo tupu, kilikuwa kama kuitafutia chanjo jina baya.

Sisi sasa tunaomba shule iwape uji kwanza. Tunatumia chumba kimoja cha kuchanjia na kingine cha kupumzikia, ili anayesubiri asimwone anayechomwa. Kabla ya yote nasimama mbele ya darasa nasema wazi: mkono utauma kesho, huenda ukavimba kidogo, baadhi yenu mtapata homa au kuumwa kichwa, na anayehisi kizunguzungu akae chini aniite. Mwanzoni mwalimu mkuu mmoja alinilalamikia kwamba nawatisha watoto. Lakini mtoto aliyeambiwa kuhusu maumivu kabla hayajaja akirudi nyumbani humwambia mama yake, “Nesi alisema itauma.” Yule ambaye hakuambiwa husema, “Mama, mkono wangu una kitu,” na usiku huo nyumba haina usingizi.

Bibi Somo (Masasi vijijini)

Wanangu, marahaba. Anayeniandikia ni mjukuu, maneno ni yangu. Mimi ni kungwi, nimecheza wali wengi, yaani mabinti wa unyago, na nimewaogesha wanawake wawili waliokufa kwa maradhi haya, mmoja akiwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Mdogo wangu alianza kutokwa damu wakati siku zake zilikuwa zimekoma muda mrefu. Akaificha. Ikaja harufu, akahamia chumba cha nyuma, akawa anafua vitambaa vyake usiku ili watu wasivione kambani. Mumewe alidhani ni maradhi ya zinaa, naye mdogo wangu akabeba aibu hiyo mpaka kaburini. Tulipomfikisha hospitali tukaambiwa ni kansa, na kwamba angepimwa miaka ya nyuma ingeonekana ingali ndogo. Neno hilo la “angepimwa” ndilo lililonifanya nianze kuwasikiliza manesi.

Lakini mwaka ule wa kampeni walikuja kijijini wakakusanya watu chini ya mwembe, kina baba na kina mama pamoja, masheikh wapo, na kijana mmoja wa afya akasimama akasema kwamba ugonjwa huu unatokana na kujamiiana, kwa hiyo leteni mabinti wa miaka 9. Mkutano ukanyamaza. Mama mmoja pembeni yangu akasema, “Wanangu wanaambiwa malaya?” Kijana hakusema uongo, nasikia. Alisema ukweli mahali pasipo pake. Huku kwetu maneno ya namna hiyo yana nyumba yake, yana wakati wake na yana watu wa kuyasema. Mbele ya kadamnasi sema kansa, sema jinsi inavyoua mama wa watoto, sema sindano inazuia. Anayetaka kujua zaidi atakufuata pembeni, nawe mjibu pembeni bila kumficha kitu.

Jingine: manesi hawajawahi kutuita sisi makungwi na kutueleza. Likizo ya Juni na ya Disemba, unyago ukichezwa, kina mama wote wa ukoo wapo uwanjani, nami wananisikiliza. Mimi sitaki sindano iingie katika mambo ya wali, hapana, mila ina mipaka yake. Lakini kina mama waliokaa nje wanasubiri nikiwaambia “wewe miaka yako imefika, nenda kapimwe, na binti yako mpeleke zahanati,” watakwenda. Mnatumia gari na spika kupita barabarani wakati watu wapo shambani.

Mwalimu Zamu (Ruangwa)

Shikamoo bibi. Nakubaliana nawe kuhusu mkutano wa hadhara, na nina fupi la kuongeza kwa upande wa shule. Orodha tunazowapa watu wa afya ni za walioandikishwa. Binti aliyeacha shule darasa la nne, au anayekaa dandaroni, kibandani kule shambani, na wazazi wake msimu wote wa korosho, hayumo kwenye orodha yoyote, na mara nyingi huyo ndiye atakayeolewa mapema. Kwetu timu ilikuja, ikachanja, ikaondoka, ikaandika kwamba shule imefikiwa. Mabinti sita ninaowafahamu kwa majina hawakufikiwa na hakuna aliyeniuliza habari zao. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawajua watoto hawa kaya kwa kaya. Kwa nini hawakai na mwalimu nusu saa kabla ya siku ya chanjo?

Mtoa Sindano

Bibi, nimeyasoma maneno yako mara tatu. Nitakuja, nikipewa ruhusa, kukaa na makungwi wa kata yetu kabla ya likizo ya Disemba. Mwalimu, hoja yako naichukua kama ilivyo.

Niseme sasa tulichobadilisha katika zahanati yetu, kwa kuwa haikuwa kitu cha fedha. Wiki ileile ya aibu yangu nilimchanja binti yangu, kisha kila mama anayekuja, awe kaleta mtoto kupimwa uzito, awe mjamzito, awe kafuata dawa za uzazi wa mpango, nikawa namwuliza swali moja kabla sijafunga kadi: “Nyumbani una binti wa miaka 9 hadi 14?” Akisema ndiyo, jina la mtoto na kitongoji chake naliandika nyuma ya daftari la kaunta, na mwisho wa mwezi mhudumu wa jamii anapita. Swali hilo halichukui dakika moja. Siku ya foleni ndefu wenzangu hunilaumu, na siwezi kusema wanakosea kabisa, kwa sababu tuko wawili na wanaosubiri wanaweza kufika 60. Siku hizo mama anayepima uzito ndiye anayeuliza kwa niaba yangu.

Kubwa zaidi ni maneno. Nimeacha kuanza na Wizara. Mtu akiniuliza kuhusu kizazi, kwanza namwuliza amesikia nini na kwa nani, kwa sababu mara nyingi hofu ina jina: shangazi aliyekosa mtoto, au ujumbe wa sauti uliosambazwa kwenye simu. Kisha namweleza kwamba tangu chanjo hii iruhusiwe mwaka 2006 imetolewa kwa mamilioni ya wasichana, na kwamba mwaka 2017, wakati dozi zilizosambazwa duniani zilikuwa zimepita milioni 270, kamati ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia usalama wa chanjo ilipitia taarifa zote na haikuona ushahidi kwamba inaleta ugumba. Halafu namwambia lile ambalo kwa kawaida humfanya aketi: kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe, kwa sababu mwanamke mwenye nayo mara nyingi hutolewa mfuko wa uzazi au hupigwa mionzi, na baada ya hapo habari ya kuzaa imekwisha.

Uswidi walifuatilia wasichana na wanawake karibu 1,700,000, na waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na saratani hii pungufu kwa asilimia 88. Takwimu hii siitumii kwa kila mtu. Mzazi mwingine Uswidi haimhusu. Anataka kujua kama damu ya mtoto wa Newala imejaribiwa, na huyo namwambia habari za Mwanza alizozieleza Jokofu na Barafu.

Wakati mwingine swali ni la dini, kama chanjo ina kitu cha nguruwe. Ile tuliyoanza nayo haina jelatini, na protini yake hutengenezwa kwa kutumia chembe za hamira. Sheikh mmoja alinisikiliza, akaomba karatasi ya viungo vyake aisome mwenyewe, akaisoma. Sikumwomba atoe tamko lolote, naye hakutoa, lakini mabinti wa madrasa yake walikuja.

Na nimejifunza kutotia chumvi. Chanjo haikingi aina zote za HPV. Zile mbili kuu inazozilenga, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi, kwa hiyo aliyechanjwa naye atahitaji kupimwa akifikia umri. Mama mwenyewe anayemleta binti, akiwa na miaka 30 hadi 50, namwelekeza siku ya kupimwa kwa siki. Siki hupakwa kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hubadilika rangi kuwa nyeupe ndani ya dakika moja, ikatibiwa mapema kabla haijawa saratani. Mwanamke anayeishi na VVU yumo hatarini mara sita zaidi, kwa hiyo kwake hatungoji miaka 30. Na kwa msichana anayeishi na VVU Shirika la Afya Duniani linashauri dozi zisiwe pungufu ya mbili, na tatu inapowezekana. Jambo hilo husemwa faragha, kliniki ya tiba na matunzo, kamwe si shuleni mbele ya wenzake.

Yule mama wa kwanza alirudi miezi miwili baadaye, mtoto ana kikohozi. Binti hakuja naye. Nikamwambia kwamba wangu nimemchanja, na kwamba siku ile aliyoniuliza alikuwa hajachanjwa bado. Akacheka, akasema alijua kwa jinsi nilivyoshika meza. Binti amemleta mwezi uliofuata, ingawa mume wake, kwa maelezo yake, hajaambiwa mpaka leo, na hilo halinifurahishi. Akina baba hatujawapata.

Jokofu na Barafu

Hilo la mwisho ni zito kuliko unavyoliweka, dada. Kliniki zetu zimejengwa kwa ajili ya mama na mtoto mpaka jina lake, na baba akifika anakaa nje kwenye pikipiki. Wakati wa mnada wa korosho kina baba wote wako chama cha msingi wakisubiri bei. Mimi nilikuwa naomba dakika 10 kwa katibu wa chama kabla mnada haujafunguliwa. Wengine walininung’unikia, lakini walisikia, na maswali yao yalikuwa magumu kuliko ya kina mama.

Mpuliza Salfa

Nimesoma yote. Habari ya ubwiriunga nimeielewa, na ya Mwanza nitamwomba mwanangu wa sekondari anitafutie niisome. Siwezi kusema nimeridhika kwa kila kitu, hasa hilo la mama kumpeleka binti baba hajui. Lakini nina swali la kawaida tu. Wa pili ametimiza miaka 13, anaishi kwa shangazi yake Nachingwea. Anaweza kuchanjwa hukohuko, au mpaka arudi Tandahimba alikoandikishwa?

Mtoa Sindano

Anaweza kuchanjwa hukohuko, kaka, na ni bure. Shangazi ampeleke kliniki, ila apige simu kwanza aulize siku ya chanjo. Aende na kadi yake ya utotoni kama ipo.

Mpuliza Salfa

Kadi ililiwa na mchwa.

Mtoa Sindano

Aende hivyohivyo, ataandikiwa nyingine. Na wewe ongea naye kwanza kwa simu, umweleze mwenyewe anakwenda kufanyiwa nini.